Birika la Jirani

Bomba liliguna ndani ya ukuta. Likanyamaza, likaguna tena, kisha likagongagonga kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole. Sikuzani alikuwa bado juu ya mswala, sala ya alfajiri imekwisha, tasbihi mkononi, na akageuza uso upande wa jirani. Nyumba za mtaa wao wa Saltley zilijengwa kwa kushikana, ukuta mmoja kwa watu wawili, na kwa miaka minne aliyokaa pale alikuwa amezijua sauti za Gertrude kuliko alivyoijua sura yake. Alikijua kikohozi chake. Aliijua redio yake ya jioni. Alijua pia kwamba mjane yule wa Kizungu hafungui maji mapema namna ile, kwa sababu hana mume wa kumwamsha aende kazini wala mtoto wa kumpeleka shule.

Halafu birika likapiga mluzi.

Sikuzani aliinuka akaenda dirisha la jikoni, akasimama kando ya pazia. Nje palikuwa na ule mwanga wa kijivu wa mwezi wa Mei katika nchi ile ya Waingereza, usiku umeondoka na mchana bado unavaa nguo. Gertrude alikuwa uani kwake, amevaa koti la marehemu mumewe ambalo mikono yake ilimfunika hadi vidoleni. Birika alikuwa nalo mkononi, na mvuke ulikuwa ukipanda kutoka mdomoni mwa birika. Aliinama mahali ambapo Sikuzani hakuweza kupaona, mvuke ukamfunika mzima mzima. Alipoinuka alikuwa ameshika keni ya kumwagilia. Akausogelea ukuta mfupi wa matofali uliozigawa nyua mbili, akajilaza juu yake kwa kifua, akanyoosha mkono, akaanza kuimwaga keni ile kwenye konde ya Sikuzani, polepole, kama mtu anayemtilia mgeni mchuzi.

Sikuzani hakutoka. Mumewe Ameir alikuwa kiwandani, shifti ya usiku. Nyokabi, nesi wa Kenya waliyempangisha chumba cha juu, naye alikuwa hospitali mpaka asubuhi. Nyumba nzima ilikuwa yeye na saa ya ukutani. Alibaki pale pale, mkono juu ya pazia, mpaka Gertrude alipomaliza akarudi ndani, na mlango wake ukafungwa bila sauti. Kutokuwa na sauti kwenyewe Sikuzani hakukupenda.

Jua lilipofika uani alitoka. Miche ya maboga aliyoiacha jana ikiwa imesimama na majani mapana kama viganja ilikuwa imelala chini. Ile ya katikati ya konde ilikuwa imegeuka rangi, kijani cha giza chenye majimaji, mfano wa mchicha uliotolewa chunguni sasa hivi. Alilishika jani moja likateleza kidoleni. Kufika adhuhuri lilikuwa jeusi. Ile ya karibu na ukuta ilikuwa imeungua ncha tu.

Hayakuwa maboga ya mbegu za kununua dukani. Yalitoka Makunduchi, kwenye konde ya mama yake, Bi Mwanamkasi: boga la ngozi ya kijivu na nyama nyekundu ambalo alikuwa akilipika kwa tui zito kila Ramadhani. Sikuzani alipoondoka Unguja mbegu zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Mama alifariki mwaka uliofuata na yeye hakuweza kwenda kumzika. Mbegu zikakaa kwenye kopo jikoni Saltley, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka Ameir akamwambia kwamba mbegu nazo huzeeka, na asipozipanda mwaka ule atakuwa anatunza maganda. Ikaja Aprili ya joto, makoti yakapelekwa kabatini, Ameir akakaa uani na fulana. Basi Sikuzani akazipanda zote. Hakubakisha hata moja.

Ndiyo maana alikuwa akimtazama jirani kwa jicho la pembeni tangu mwanzo. Siku alipopanda, Gertrude alisimama ukutani akatikisa kichwa. "Mapema," alisema, akagonga kifundo cha mkono mahali pa saa. "Mapema mno." Nani alimuuliza? Wiki ile ile zikaonekana chupa tupu za jemu zimepangwa juu ya ukuta. Kesho yake bunda la magazeti ya zamani. Keshokutwa pazia la wavu, kuukuu, limekunjwa vizuri. Hakuna neno, hakuna hodi. Kule alikolelewa Sikuzani, kitu kisicho na mwenyewe kikiwekwa mpakani mwa nyumba hakiguswi kwa mkono mtupu. Mtu hajui kimesomewa nini. Alichukua koleo la makaa, akasoma Ayatul Kursi, akavibeba kimoja kimoja mpaka pipa la taka. Na majira ya baridi yaliyopita si mama huyu huyu aliyekuwa akimwaga majivu mbele ya mlango wao? Sikuzani aliyafagia kila asubuhi, na kila asubuhi yalikuwapo.

Ameir alirudi akinuka mafuta ya mashine, akakaa kwenye ngazi kuvua viatu.

"Kayamwagia maji ya moto," Sikuzani alisema.

"Nani?"

"Huyo wa ukutani. Maboga."

"Maji ya moto? Uliyagusa?"

"Mvuke wake nimeuona kwa macho yangu. Birika nimelisikia kwa masikio yangu. Ulitaka niende nikayanywe?"

Ameir alitoka uani na soksi zake, akachutama, akaitazama miche kwa muda. "Mbona hii ya karibu na ukuta haijafa? Iliyokufa ni ya katikati."

"Alianza na ya katikati maji yakiwa yanatokota. Alipofika ya karibu yalikuwa yamepoa."

"Bibie, mkono wake una urefu gani? Kutoka ukutani mpaka hapa?"

"Basi aliruka ukuta kabla sijamwona."

"Gertrude. Mwenye goti bovu."

"Goti hilo linamuuma akiwa barabarani tu, mbele za watu."

Ameir alicheka kidogo, akaona hachekewi, akaacha. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda usingizi na amani kwa kiasi kimoja. "Nisikilize," alisema. "Mwaka huu si wa kugombana na mtu. Gurnam wa dukani, mgeni kama sisi, wamempasulia kioo mwezi uliopita, na hajamwambia mtu neno baya maishani mwake. Ukienda kumgongea mama wa watu mlango, kesho sisi ndio wakorofi wa mtaa."

"Kwa hiyo nikae nitazame konde ya mama inakwisha hapa."

Ameir alikunywa chai yake akiwa amesimama, na kabla hajapanda juu kulala akasema, "Weka kizuizi, basi. Ule mlango nilioukota kwenye nyumba zinazobomolewa. Ushikize ukutani kwa waya. Mkono wake usipofika, tutajua."

Alasiri Gertrude alitoka kuanua nguo. Alipoiona miche iliyokufa alipeleka mkono mdomoni, na Sikuzani, aliyekuwa akiuvuta mlango ule kwenye mawe, akasema moyoni: hodari wa kuigiza. Gertrude alisogea ukutani. Alikuwa na macho ya buluu yaliyofifia na shingo ya kuku, na alisema kwa kasi, kama wasemavyo watu wa mji ule, maneno yakiinama mwishoni. Alionyesha mbingu. Ilikuwa safi, haina hata uzi wa wingu. Akajikumbatia mabega, akatetemeka kwa makusudi.

"Usiku huu tena," alisema. "Utakuwa mbaya zaidi."

Maneno hayo Sikuzani aliyafahamu, yote. Gertrude akaingia ndani akarudi na blanketi la zamani, akalinyoosha juu ya ukuta.

"Hapana, asante," Sikuzani alisema, na mikono akaiweka nyuma.

Alimaliza kazi yake. Aliusimamisha mlango, akauegemezea kitanda kibovu cha chuma, juu yake akatandika zulia lililotoboka, vyote akavifunga kwa waya. Hakuna mkono ambao ungepita hapo. Pazia la dirisha la Gertrude lilitikisika mara moja tu, na Sikuzani akajua kwamba ameonekana, na akataka aonekane.

Alfajiri ya pili hakungojea bomba. Alipotoa salamu kumaliza sala alichukua mchi wa kinu, akajitia mtandio juu ya koti, akatoka. Baridi ilimkamata pua. Nyasi zililia chini ya makubazi yake, na alipoinama aliona miche iliyosalia imepakwa kitu cheupe, chembamba, kama mtu amepita na chekecheke ya unga. Wazo la kwanza lilikuwa chokaa. Kamwaga chokaa kutoka dirisha la juu. Akaweka kidole. Chokaa ikayeyuka, ikawa maji.

Alisimama akikitazama kidole kile. Barafu ya namna hii alikwisha kuiona, majira ya baridi, kwenye vioo na kwenye paa. Lakini huu ulikuwa Mei. Na hata kama ni barafu, alijiambia, barafu haiunguzi. Kinachounguza ni moto, na moto alikwisha kuuona unatoka wapi.

Bomba likaguna upande wa pili. Birika likapiga mluzi. Mlango ukafunguka, hatua zikaja zikivuta mguu mmoja, pakasikika mchirizo wa maji kwenye chuma na mtu akipumua kwa taabu. Mvuke ulipanda juu ya zulia. Sikuzani akaukaza mkono kwenye mchi.

Hatua zikafika ukutani zikasimama. Kisha Gertrude akabisha hodi, kwa adabu, kwenye mlango usio na nyumba.

Sikuzani akauinua mchi.

Gertrude akabisha tena, akaita, "Jirani? Jirani, uko hapo?" Halafu akaonekana mkono mmoja, ndani ya mkono wa koti la kiume, ukiipandisha keni ya kumwagilia juu ya mlango, ukitetemeka kwa uzito, ukijaribu kuiinamisha upande wa pili. Sikuzani aliuacha mchi ukaanguka, akaidaka keni kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu, akaimwaga yote juu ya mawe ya uani.

Maji yakamrukia miguuni. Yalikuwa baridi. Yalikuwa baridi kiasi cha kuuma kwenye mfupa, na kwa muda alisimama hapo miguu imelowa, keni tupu kifuani, akingoja maumivu ya kuungua ambayo hayakuja.

"Mama! Unamwaga maji kwa nini?"

Alikuwa Nyokabi, ameingia kwa njia ya nyuma, kofia ya unesi bado kichwani, mfuko begani. Alitupa macho kwenye nyasi, kwenye miche, kwenye kile kibanda cha ajabu cha mlango na kitanda, kisha kwenye mabomba ya moshi ya nyumba za mbele, ambako jua lilikuwa limeanza kugusa matofali.

"Si uyamwagie hayo maboga!"

"Maji ni yake huyu," Sikuzani alisema.

"Hata kama ni ya nani. Mama, hii ni jalidi. Jua likiipata juu ya majani kabla haijaoshwa, kwisha. Lete hiyo kitu."

Hakungojea ruhusa. Aliichukua keni, akairudisha juu ya mlango, akasema na Gertrude kwa Kiingereza cha haraka. Upande wa pili maji yakaanza kulia ndani ya keni. Nyokabi akakimbilia jikoni akatoka na sufuria imejaa. Keni ikaja juu ya mlango na Sikuzani akaipokea. Safari hii aliiinamisha juu ya miche. Ule weupe ukaondoka, majani yakabaki yanang'aa, na keni ikarudi, ikaja, ikarudi. Gertrude alikuwa akikohoa na hakuacha. Jua lilishuka ukuta wa mbele, likavuka njia, likaingia uani kwa pembe, na pembe ile ilipofika ilikuta miche ambayo maji hayakuiwahi. Sikuzani aliitazama ikigeuka rangi mbele ya macho yake. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo, wala birika. Jua tu na majani.

Miche miwili ndiyo iliyopona.

Nyokabi alikaa kwenye ngazi ya jikoni akavua viatu. "Sisi tunatoka Kinangop," alisema. "Unajua Kinangop, mama? Ni uwanda, umekaa wazi hivi, hakuna kitu cha kuzuia baridi. Viazi vinalala kijani, asubuhi ni vyeupe, mchana ni vyeusi. Baba yangu alikuwa analima kwa mzungu huko, na sisi watoto tunaamshwa na matawi na ndoo tunyunyizie kabla jua halijatoka. Nililia sana utotoni. Na hiyo ikipita, mvua ya radi inakuja na mawe inamaliza ile kidogo umeokoa. Watu wa Kinangop hawaamini mbingu, aki."

"Kwa hiyo jana alikuwa ananyunyizia."

"Sasa unafikiri alikuwa anafanya nini?"

Sikuzani akaonyesha kidole upande wa ukuta. "Muulize birika lilikuwa la nini."

Nyokabi alipanda juu ya kitanda cha chuma akachungulia upande wa pili. Waliongea. "Anasema pipa lake la maji ya mvua, bomba lake limeganda. Analimwagia maji moto ndiyo lifunguke. Keni haiingii kwenye sinki yake."

"Na machupa?"

"Machupa gani?"

"Muulize tu."

Wakaongea tena, na Nyokabi akageuka akiwa na uso wa mtu anayezuia kicheko. "Unafunika kila mche na chupa yake usiku. Magazeti pia. Na pazia. Anauliza kama uliyapata."

"Mwambie niliyapata. Na majivu?"

"Mama, majivu tena?"

"Ya mlangoni. Majira ya baridi."

Safari hii Gertrude alipojibu sauti yake ilikuwa ya mshangao. Nyokabi akatafsiri polepole. "Ni ya kuzuia kuteleza. Anasema alikuona siku moja ukianguka na mkoba wa sokoni. Tangu hiyo siku anamwaga kwake na kwako."

Sikuzani alikumbuka anguko lile. Alikumbuka alivyoinuka haraka, akatazama huku na huku, akashukuru kwamba hakuonekana na mtu.

"Muulize kwa nini," alisema.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini anajisumbua. Sijawahi kumpa hata chumvi."

Nyokabi akauliza. Juu ya zulia lililotoboka yalionekana mabega ya koti yakipanda na kushuka. "Anasema alfajiri huwa macho hata hivyo," Nyokabi alisema.

Jibu hilo halikumtosha Sikuzani. Siku zile zilikuwa siku za kutaka kujua mtu anataka nini. Mlango ukaondolewa, kweli, Ameir aliuondoa Jumamosi akipiga mluzi, na Sikuzani alipeleka sahani ya maandazi ikarudi na vitunguu vya majani juu yake. Walianza kuamkiana. Lakini kila jioni, akiifunika miche yake miwili kwa chupa alizopewa tena, alikuwa bado akizigeuza chupa zile juu chini na kuzitazama ndani kabla ya kuziweka. Kisha miche ikazidi chupa. Ikatoa vikonyo, ikaanza kutambaa. Kila alipoitazama alihesabu miezi mpaka mbegu: boga moja tu likikomaa, likipasuliwa, konde ya mama yake itakuwa imevuka. Akaomba liwe moja tu.

Juni ikaja na joto zito, lisilo na upepo. Siku ya Jumatano Nyokabi alikuwa akishuka ngazi kwenda kazini alipopita dirishani akasimama. Juu ya matangi ya gesi kulikuwa na wingu lenye rangi ya jeraha linalopona, kijani na zambarau.

"Mama, kwetu wingu la rangi hiyo hatulali," alisema. "Funika kila kitu kinachofunikika."

"Nalo litaunguza?"

"Hilo linapiga."

Radi ya kwanza ilitikisa vikombe kabatini. Sikuzani alitoka na beseni kubwa la kufulia, akalipindua juu ya mche wa kwanza, akawa anarudi kutafuta cha kuufunika wa pili wakati mawe ya barafu yalipoanza kuanguka. Yalikuja kwa sauti ya kokoto zinazomwagwa kwenye bati. Moja likampiga kiganjani likaacha alama nyekundu. Alikimbilia jikoni akachukua masufuria mikononi, na alipotokeza tena alimwona Gertrude.

Gertrude alikuwa amelala juu ya ukuta kama siku ile, mawe yakimdunda mgongoni kwenye koti, na karai lake la bati la kuogea ameliteremsha upande wa Sikuzani, analisukuma kwa ncha za vidole mpaka likaufunika mche wa pili. Nyuma yake, kwenye uwanja wake mwenyewe, saladi zake zilikuwa zikichanwa vipande vipande. Sikuzani aliziona. Safu nzima ya majani mabichi ilikuwa ikigeuka matambara, na mwenyewe ameigeuzia mgongo.

Hapo hakuuliza kwa nini. Aliweka sufuria moja kichwani mwake, akazunguka kwa njia ya nyuma mbio, akaingia uani kwa Gertrude bila hodi, akaanza kuzipindua sufuria zilizobaki juu ya saladi. Gertrude alimtazama, maji yakimtiririka puani, akasema neno ambalo mvua ililichukua. Kisha akamshika mkono akamvuta jikoni.

Miaka minne, na ilikuwa mara ya kwanza Sikuzani kuvuka kizingiti kile. Jiko lilikuwa kama lake, limegeuzwa tu, sinki kulia mahali pa kushoto. Gertrude alimpa taulo, akamketisha, akatia birika motoni. Akaleta kopo la biskuti, akalifungua.

Sikuzani alizitazama. Zilikuwa za kupika nyumbani, na alijua wanavyotia mafuta ya nguruwe katika vitu vyao. Mkono wake ukabaki mapajani.

"Siagi," Gertrude alisema. Alisema polepole ili afahamike. "Siagi tupu. Nilimuuliza yule msichana wa juu."

"Lini?"

Gertrude alifikiri. "Mei. Siku nyingi. Nikaona kama siku moja utapita."

Basi alikuwa akizipika tangu Mei, na zikichakaa anazila mwenyewe anapika nyingine. Sikuzani akachukua moja. Ilikuwa ngumu kidogo. Akachukua ya pili ili Gertrude aone.

Mvua ilipotulia walitoka. Upande wa Gertrude, ulioinuka kwa ngazi moja, maji yalikuwa yamekwisha kuondoka. Upande wa Sikuzani ulikuwa bwawa. Mawe ya barafu yalielea juu ya maji meusi, na maji hayakuwa na pa kwenda. Beseni lilikuwa limesukumwa kando. Mche wa kwanza ulikuwa umevunjika shingo, umelala juu ya maji. Akalifunua karai. Wa pili ulikuwa mzima, majani yote, lakini mguu wake ulikuwa umezama, na Sikuzani alipotia mkono kwenye maji yale ulikufa ganzi.

"Utaoza," Gertrude alisema kutoka ukutani. Akaonyesha chini ya dirisha la jikoni lake, mahali ambapo ukuta ulipata jua mchana kutwa na udongo ulikuwa mkavu. "Hapa. Ukitaka. Leo, si kesho."

Sikuzani alibaki amechutama. Ule ulikuwa wa mwisho. Ukitoka ardhini kwake hautakuwa tena chini ya jicho lake. Utakuwa chini ya dirisha la mtu mwingine, utamwagiliwa na mkono mwingine, na mtu huyo aweza kuhama, aweza kuugua, aweza kuamka siku moja akauona kuwa ni gugu. Alimtazama Gertrude, na hakuficha kwamba anamtazama. Gertrude naye hakuondoa uso. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi, na kimoja kilikuwa kikitoka damu mahali karai lilipomkata.

Sikuzani akaingia ndani, akatoka na mwiko mkubwa wa ugali na sinia. Alichimba mbali na mizizi, kwa zamu ya kila upande, akiisikiliza kwa vidole, mpaka donge zima la udongo likainuka. Akalipandisha kwenye sinia. Akaliinua mpaka juu ya ukuta, na hapo mikono minne ilikuwa kwenye sinia moja kwa muda kabla miwili haijaachia.

Akazunguka, wakaupanda pamoja. Gertrude alishindwa kupiga magoti, kwa hiyo alishika mche ukiwa wima huku Sikuzani akijaza udongo, na walipomaliza walisimama wakiutazama jinsi ulivyolegea.

"Utaishi?" Sikuzani aliuliza.

"Sijui," Gertrude alisema. "Usiku wa leo nitauwekea blanketi. Utakuja kesho kuuona?"

"Nitakuja."

Alikuwa amekwisha kufika kwenye njia ya nyuma, sinia tupu chini ya kwapa, Gertrude alipomfuata mpaka kwenye mlango wa uani, akivuta mguu.

"Na keshokutwa," alisema. "Uje hata siku ambayo huna cha kukagua. Birika huwa liko motoni."